Kutoka Lubumbashi hadi Korongo la Nzilo: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku 5 kwa Gari

Umeme ukirudi jioni katika mitaa ya Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, watoto hupiga kelele kwa pamoja hadi mtaa wa pili unasikia. Miaka mingi nami nilipiga kelele hizo bila kujiuliza umeme ule ulitoka wapi. Sehemu yake kubwa hutoka karibu kuliko tunavyodhani: kwenye mito miwili, Lufira na Lualaba, iliyozuiwa kwa kuta za zege juu ya makorongo, kila ukuta na ziwa lake nyuma. Barabara ya kwenda huko ndiyo ileile ya Likasi na Kolwezi tunayoipita mbio kwa kazi, biashara na misiba. Ukiipita polepole, ukikata kulia pale panapostahili, utaona baadhi ya mandhari nzuri kuliko zote Katanga.

Nimeifanya safari hii mara tatu na familia yangu. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya ile ya kwanza.

Chagua majuma kabla ya kuchagua gari

Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kwisha Aprili. Wakati ulio bora kabisa ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni. Maziwa bado yamejaa maji ya mvua, nyasi zimeanza kuwa rangi ya dhahabu, na udongo wa njia za pembeni umekauka ukawa mgumu. Baridi ya Juni na Julai si ya kudharau. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukipumua unaona mvuke mdomoni. Beba makoti na blanketi, hasa kwa watoto.

Agosti na Septemba njia ni kavu zaidi, lakini porini kunachomwa moto kila upande na moshi hufunika milima. Unaweza kusimama ukingoni mwa korongo usione upande wa pili. Wakati wa mvua njia ya kwenda bwawa la Mwadingusha huwa utelezi wa udongo mwekundu, na gari dogo halina lake pale.

Gari na usukani wake

Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, na hadi Kolwezi ni kama 300, zote lami. Kwa lami hiyo gari lolote zima linatosha. Kwa kukata kwenda kwenye mabwawa unahitaji gari lililo juu kidogo, lenye pine (matairi) imara na pine ya akiba iliyojaa upepo. Akiba ikaguliwe kweli, maana wengi huifungua kwa mara ya kwanza siku wanayoihitaji.

Sasa jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Sisi tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya mjini kwetu yameletwa yakiwa na usukani upande huohuo wa kulia. Ukiwa nyuma ya kamyo la madini lenye urefu wa nyumba, wewe dereva huoni mbele; anayeona ni aliyekaa kushoto kwako. Basi mtu huyo asiwe mtoto, asiwe mwenye usingizi, asiwe anayechezea simu. Kubalianeni maneno mawili tu: "bado" na "pita". Akinyamaza, maana yake ni bado. Wala usiamini taa ya pembeni ya kamyo lililo mbele yako. Dereva mmoja huiwasha kukuambia upite, mwingine kwa sababu anakata kona.

Kuhusu bolti za magurudumu, nina kisa. Kabla ya safari ya kwanza nilibadilisha pine mbili kwenye gereji moja mjini. Baada ya kilomita kama 40 nikasikia tok-tok upande wa kushoto, nikadhani ni jiwe. Mke wangu akasisitiza tusimame. Bolti mbili hazikuwepo kabisa, na ya tatu niliigeuza kwa vidole. Tangu siku hiyo nina kanuni: gari likitoka gereji, simama baada ya kilomita 10, kisha baada ya 50, ukaze kila bolti kwa mkono wako mwenyewe.

Karatasi na pesa

Weka kwenye bahasha moja ya plastiki: leseni, karte roz (kadi ya usajili wa gari), bima, vinyeti (stika ya kodi ya barabara) na cheti cha kontrol teknik (ukaguzi wa gari). Kila mtu mzima awe na kadi yake ya mpiga kura au pasipoti. Kopi zikae sehemu nyingine. Kizima moto, pembetatu mbili za onyo na sanduku la dawa viwe mahali pa kufikika bila kushusha mizigo yote, maana vitaulizwa njiani. Ukisimamishwa, shusha kioo, salimia kwanza, toa bahasha. Haraka na ukali huongeza dakika.

Peaji, vituo vya kulipia barabara, zipo zaidi ya moja. Beba franka za noti ndogo na utunze risiti hadi urudi. Dola zinapokelewa mahotelini, lakini iwe noti safi: yenye mchaniko hata wa nusu sentimita hurudishwa. Nimewahi kukaa saa nzima mapokezi Kolwezi kwa ajili ya noti moja ya 50 iliyopasuka pembeni.

Kama unataka kuingia kwenye mabwawa yenyewe, andika barua kwa SNEL, shirika la umeme la taifa, kabla hujaondoka, utaje majina, tarehe na namba ya gari, na ubebe kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Haya ni majengo ya taifa, yana walinzi. Bila kibali utaona ziwa na milima, lakini usitoe kamera karibu na ukuta, mitambo au daraja. Uliza kwanza, hata kama unaona mwingine anapiga picha.

Siku ya 1: Lubumbashi hadi Likasi

Toka jua linapochomoza, ambalo mwezi Juni ni karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usitoke gizani ili uwahi. Makamyo yaliyoharibika usiku huachwa katikati ya njia bila taa, na onyo pekee ni matawi ya mti yaliyotupwa kwenye lami. Ukiona majani barabarani, punguza mwendo hapohapo, hata kama mbele huoni kitu.

Kwenye makamyo, ogopa zaidi yale ya asidi yanayokwenda kwenye viwanda vya shaba. Februari 2019 lori la asidi lilipata ajali kwenye barabara hii kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu wakafa kwa kuungua. Kamyo la asidi likiwa mbele yako, kaa mbali. Likiwa limeanguka, geuza gari. Usiende kusaidia kwa mikono mitupu wala kuacha watoto washuke kutazama.

Mbali na hayo, asubuhi hii ni ya utulivu. Pori la miombo linafuatana nawe pande zote, na ndani yake vichuguu vikubwa kama nyumba, vingine vimeota miti kichwani. Utaona vimekatwa ubavuni. Udongo wake ndio unaochomwa kuwa matofali, hivyo nyumba nyingi za Lubumbashi kwa kweli zilijengwa na mchwa kwanza. Kando ya njia kuna magunia ya makala (makaa ya kupikia) yaliyosukiwa nyasi mdomoni, na chupa za asali. Asali nunua ukirudi, isije ikamwagika kwenye nguo siku ya kwanza.

Kabla ya Likasi, upande wa Kapolowe, utavuka daraja la Lufira. Vuka kabisa, tafuta mahali pana pa kuegesha, kisha rudi kwa macho tu. Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Wenzao waliotumwa kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kuwaokoa walizuiwa hapa, wakashindwa kuvuka. Mto wenyewe umetulia, maji mapana ya rangi ya chai. Ukumbuke, maana kesho utaukuta tena chini kidogo ukiwa ziwa.

Mchana mtakuwa Likasi. Kuleni bukari (ugali) na sombe (kisamvu), jazeni tangi, laleni mapema. Mtu akikuambia kuna njia ya kukupeleka Shinkolobwe, kataa. Ni mgodi uliotoa urani ya bomu la Hiroshima la 1945, umefungwa, na si mahali pa matembezi ya familia.

Siku ya 2: Mwadingusha

Hii ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Njia ni ya udongo, inaelekea mashariki. Kabla ya kuondoka ulizia hali yake kwa madereva wa sokoni Likasi, wanaoleta samaki. Wao wanajua daraja lipi limebomoka wiki hii. Hesabu saa tatu za kwenda na tatu za kurudi, utoke asubuhi na ugeuze gari kabla ya saa nane mchana. Beba maji ya kunywa ya siku nzima, chakula, na mafuta ya kutosha kwenda na kurudi.

Ziwa linaitwa Tshangalele. Lilitokea baada ya Lufira kuzuiwa juu ya maporomoko ya Cornet, na mitambo ya Mwadingusha ikaanza kutoa umeme mwaka 1930. Ilikuja kukarabatiwa upya, kazi ikamalizika 2021. Chini yake, kwenye korongo hilohilo, kuna kituo cha pili, Koni, cha mwaka 1950. Maji yaleyale hufanya kazi mara mbili kabla ya kuachiwa yaende zake tambarare.

Usitarajie ziwa lenye kingo kali. Upande wa juu Tshangalele ni pana na fupi kwa kina, limejaa matete, na hujui kwa hakika nchi kavu inaishia wapi. Zima injini, kaa kimya dakika kumi. Kwanza utasikia matete yanagusana, halafu kasia linalogonga ubavu wa mtumbwi usiouona, halafu ndege. Humu anaishi mnana wa Lufira, ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, anayefahamika kutoka bonde hili peke yake. Alikamatwa mmoja tu mwaka 1960, na wataalamu hawakumwona tena hadi 2009. Ukweli ni kwamba Juni ni vigumu kumtambua, kwa sababu rangi zake kali na viota vyake ni vya wakati wa mvua. Lakini ziwa alilokaa unaliona. Bonde la Lufira ni hifadhi ya binadamu na viumbe ya UNESCO tangu 1982, na tangu 2017 limo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani.

Safari ya kwanza mzee mmoja alikuwa ukingoni akitengeneza wavu, akitumia kidole gumba cha mguu kuukaza. Alitutazama muda mrefu kisha akauliza, "Muko ba SNEL?" Nikamjibu, "Hapana papa, tunakuya kuangaria mayi tu." Aliinuka akatupeleka mwenyewe kwenye kilima ambapo ziwa lote linaonekana, na hakutaka malipo, ila alipokea sabuni na chumvi kwa mikono miwili. Tangu hapo hubeba sabuni na chumvi kila safari. Ukifika kijijini, ulizia kwanza nyumba ya chifu umsalimie. Baada ya hapo hakuna atakayekusumbua.

Upande wa bwawa mandhari hubadilika ghafla. Ziwa tulivu linakwisha, mwamba unashuka, na mto uliokuwa mpana unajikunja ndani ya ufa wa mawe. Kwa kuwa maji mengi yamepelekwa kwenye mabomba ya mitambo, maporomoko yenyewe kiangazi hupungua, na utaona mawe meusi yaliyolainishwa na maji ya miaka mingi. Usishuke kwenye mawe hayo. Chini ya bwawa lolote maji yanaweza kuachiwa wakati wowote, na kina kikapanda kabla hujapanda wewe.

Mambo mawili ya afya. La kwanza, usioge kwenye ziwa: kuna kichocho karibu na matete, na habari za mamba waulize wavuvi. La pili, mto Panda unaopita viwanda vya Likasi unaingia kwenye ziwa hili, na watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamepima madini katika maji na samaki wake. Kwa hiyo maji yake usinywe hata yakichemshwa, kwa kuwa kuchemsha hakutoi madini. Samaki mimi hula mmoja wa kuchoma siku hiyo, lakini sibebi kapu zima la kulisha watoto nyumbani.

Jioni rudini kulala Likasi.

Siku ya 3: Likasi hadi Kolwezi

Ni siku ya barabara, na makamyo ni mengi kuliko siku ya kwanza. Toka asubuhi.

Kituo kimoja kinastahili: eneo la Fungurume. Angalia vilima. Pori limejaa kila mahali, lakini kuna vilima ambavyo juu yake hakuna mti, ni nyasi tupu kama kichwa kilichonyolewa. Shaba ndiyo iliyonyoa. Udongo una madini mengi hata miti inashindwa, na yanayoota ni majani machache yaliyozoea sumu ile, mojawapo likijulikana kwa wataalamu kama ua la shaba, Haumaniastrum katangense. Wazee wetu walisoma vilima hivi kabla ya mwanajiolojia yeyote. Waliyeyusha jiwe la kijani, wakamwaga shaba kwenye kalibu za udongo ikatoka misalaba, na misalaba hiyo ikawa pesa. Waliokuwa mafundi wa kazi hiyo waliitwa wala-shaba.

Watoto wataokota mawe ya kijani. Yashusheni kabla ya kuondoka. Jiwe la madini ndani ya gari, hata dogo kama yai, ni maelezo marefu kwenye kizuizi.

Karibu na Kolwezi mtavuka Lualaba, mto unaokuja kuwa Kongo kule chini. Hoteli za Kolwezi ni ghali kwa ajili ya watu wa migodi, na katikati ya wiki hujaa. Piga simu siku kadhaa kabla, na uulize wazi kama maji ya moto yapo.

Siku ya 4: Nzilo

Ziwa Nzilo liko kaskazini mwa mji. Hesabu saa moja na nusu ya kwenda taratibu, vumbi likiwa jingi. Funga vioo mnapopishana na makamyo. Tofauti na Tshangalele, hili ni ziwa la vilima. Maji yameingia ndani ya mabonde, vidole vya nchi kavu vimeingia ndani ya maji, na kila kona ya njia inakupa ziwa jipya. Saa tatu asubuhi upepo bado haujaamka, na kilima kinaonekana mara mbili, juu na chini.

Bwawa lilimalizika 1952, nalo limejengwa mdomoni mwa korongo ambalo Lualaba imejichongea kupita milima ya Mitumba. Chini zaidi kuna bwawa la Nseke, la miaka ya 1950 pia. Zamani yaliitwa Delcommune na Le Marinel, kama vile Mwadingusha ilivyoitwa Francqui na Koni ikaitwa Bia. Majina hayo, pamoja na Cornet wa maporomoko, yote ni ya Wabelgiji waliofika Katanga kati ya 1891 na 1892, miaka ileile ambayo mfalme M'siri wa Bunkeya alipigwa risasi, tarehe 20 Desemba 1891. Delcommune mwenyewe alitaka kushuka Lualaba kwa mitumbwi, na korongo hili likamzuia. Waeleze watoto hayo mkiwa mmesimama pale. Waeleze pia kwamba mwanzoni mwa 1963, mwisho wa kujitenga kwa Katanga, kuta hizi zilitegwa baruti na hazikulipuliwa.

Kutazama korongo, usikimbilie ukingo. Nyasi za Juni zilizokauka huteleza kama nta, na chini yake kuna kokoto zisizoshika. Keti mita tatu nyuma, shika mtoto mkono, tazama ng'ambo. Kwanza utaona msitu tu unaoshuka. Macho yakizoea, mwamba unajitokeza mkanda kwa mkanda, kijivu, kahawia, mwekundu uliokolea, na mbali sana chini uzi wa maji. Sauti inakufikia ikiwa imechelewa, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Saa kumi jioni jua huingia kwa ubavu na mikanda ile huwaka. Huo ndio wakati wa picha, lakini njia ya kurudi ni ya vumbi na jua huzama karibu na saa kumi na mbili, kwa hiyo jipe nusu saa tu kisha ondoka.

Siku ya 5: Kurudi

Kilomita 300 kwa siku moja zinawezekana ukitoka jua linapochomoza na ukipumzika Likasi kwa saa nzima. Kaza bolti kabla ya kuondoka. Asali na makala nunua baada ya Likasi. Foleni ya makamyo kuingia Lubumbashi huanza alasiri, basi lenga kufika kabla ya saa tisa.

Safari ya mwisho tulifika nyumbani mtaa ukiwa gizani. Umeme uliporudi saa mbili usiku watoto wa jirani walipiga kelele kama kawaida. Binti yangu alisimama chini ya taa, akaitazama, akaniuliza, "Papa, hii ni ya Lufira ao ya Lualaba?"